Ng'ombe Aliyeliwa Mjini

Aliyemtenga Maduhu ni mimi. Naanza na hilo ili mtu asije akanisikiliza mpaka katikati halafu akaniambia, kumbe na wewe ulikuwemo. Nilikuwemo. Tena nilikuwa mbele kabisa, na shati jipya mwilini.

Jina langu Jilala. Mwaka ule wa hamsini na nane nilikuwa mkuu wa vijana wa Mwashilala, kijiji chetu kilicho mwendo wa siku nzima kwa miguu mpaka Shinyanga mjini. Kwa Kisukuma mkuu wa vijana anaitwa nsumba ntale. Cheo hicho hapewi na mtemi, hapewi na bwana shauri, wala harithi kwa baba yake. Vijana wenyewe wanamchagua, na wakimchoka wanamwondoa. Kazi yake ni kuongoza elika, yaani kundi la vijana linalolima mashamba ya watu kwa zamu, kwa ngoma na nyimbo. Mwenye shamba anakuja kuomba, anachinja mbuzi, anasonga ugali, nasi tunamlimia. Vijana ndio wanaomwezekea mjane nyumba, ndio wanaofuata nyayo ng'ombe akipotea, na mtu akifa ndio wanaochimba kaburi. Hilo la kaburi lishike, kwa sababu kisa chote kimekaa hapo.

Na vijana wana adhabu yao. Mtu akiwakosea sana, wanamtenga, yeye na mji wake wote, yaani kaya yake. Hapewi moto, hapewi salamu, halimiwi, na kwake kukitokea msiba hakuna jembe litakalotoka. Anayemsemesha naye anatengwa. Akitaka kurudi anatoa ng'ombe dume kutoka zizini mwake. Dume anachinjwa kwenye kiwanja cha ngoma, vijana wote wa kijiji wanakula, na pande la mwisho nsumba ntale anamlisha yule mtu kwa mkono wake. Hapo amefunguliwa, na yaliyopita hayasemwi tena.

Lakini kumtenga mtu si jambo la kuropoka. Nsumba ntale anatakiwa amuulize kila kijana, mmoja mmoja, wavulana kwa wasichana, na kila mmoja ajibu kwa mdomo wake. Niliwahi kuona mtu akinusurika kwa sababu ya msichana mmoja tu aliyesema hapana. Wasichana nao wana mkuu wao, na wakati wetu alikuwa Bernadina, binti mwenye mdomo ambao hata mama yake mzazi aliuogopa.

Basi. Mwaka huo chama cha siasa kilikuwa kimeruhusiwa tena Jimbo la Ziwa baada ya kupigwa marufuku miaka minne. Watu walikuwa wamechoka kuamriwa ng'ombe wangapi wauze na matuta ya pamba wayafunge namna gani, kwa hiyo chama kilipokuja kilipokelewa kwa vigelegele. Mimi mwenyewe uhuru niliutaka, mtu asinielewe vibaya. Niliutaka mpaka usingizi ukanipaa. Na ndipo akaja Bartholomeo.

Alikuwa karani wa kununua pamba huko mjini. Kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, soksi zimepanda mpaka magotini, kalamu mbili mfukoni. Alishuka kwenye lori akasimama kiwanjani kwetu, akasema yeye ndiye mwenyekiti wa Umoja wa Vijana na ametumwa na vijana wa nchi nzima. "Sisi vijana" ilitoka kinywani mwake kila baada ya maneno matatu. Baadaye, katika kujisifu, akasema alizaliwa mwaka ilipoanza vita ya Mjerumani. Nikapiga hesabu ya vidole. Mtu wa miaka arobaini na minne! Mwanawe wa kwanza alikuwa ananizidi mimi kwa miezi. Bernadina alinisogelea akaninong'oneza kwamba nimuulize huyo kijana ana wajukuu wangapi. Nikamwambia anyamaze, tuna mgeni.

Mgeni alikuwa na karatasi. Alieleza kwamba elika za vijiji ni mambo ya zamani, kila moja inajifanyia mambo yake, na mkoloni anafurahi tukiwa vipande vipande. Sasa elika ya Mwashilala itakuwa tawi la Umoja, nami nitakuwa katibu wa tawi, tena huenda nikapelekwa Dar es Salaam kwenye mkutano mkubwa. Ngoma yetu ingehifadhiwa ofisini mjini, ipigwe kwenye mikutano, nchi nzima isikie mlio wa vijana wa Mwashilala. Maneno matamu hayo. Alinivika kilemba cha ukoka, nami nikakiona cha hariri.

Nilitia dole gumba. Misheni nilisoma madarasa mawili, ningeweza kuikokoteza ile karatasi kama ningetaka, lakini sikutaka, kwa sababu alikuwa ameshatoa shati la kijani kutoka kwenye mfuko na amelishika hivi, mabegani, ananipimia. Wenzangu sikuwauliza. Alipoandika majina ya vijana, Bernadina naye akapanga mstari na wasichana wake. Bartholomeo akawaambia kwa upole waende wakajiandikishe kwa akina mama siku nyingine, leo zamu ya vijana. Bernadina akacheka, akawageuza wenzake, wakaenda zao kisimani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, ikaja amri kutoka mjini kwamba tawi letu lifanye kazi ya kujitolea kwa ajili ya uhuru. Kazi yenyewe ilikuwa kulima shamba la pamba kando ya barabara, na shamba lilikuwa la Bartholomeo. Tulikwenda watu arobaini, wasichana wakiwemo, maana ikifika kulima wao ni vijana vilevile. Tulilima bila ngoma, kwa sababu ngoma iko ofisini. Jua likapanda, migongo ikaiva, na hakuna moshi wa chakula popote. Bartholomeo alikuwa amesimama kivulini kwa lori akitueleza habari za nchi ya Ghana.

Hapo ndipo Maduhu alipokita jembe lake ardhini. Maduhu nilichunga naye ndama tangu hatujajua kufunga nguo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkaidi kama punda lakini hana uchokozi. Akauliza kwa adabu kabisa, kama anavyouliza kila mtu wa elika, mbuzi yuko wapi. Watu wakacheka. Bartholomeo akajibu kwamba uhuru haununuliwi kwa mbuzi.

"Uhuru hauna shamba, mwenyekiti," Maduhu akasema. "Shamba hili ni lako."

Akaling'oa jembe lake, akalitia begani, akaondoka zake taratibu. Vijana waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini.

Bartholomeo aliniita nyuma ya lori. Uso ulikuwa umemwiva. Alisema yule ni kibaraka, amepandikizwa, na vijana wamechukia sana. Nilichungulia nikawaona vijana bado wanafuta machozi ya kucheka. Akasema katibu asiyeweza kumtia adabu mtu mmoja hawezi kufikishwa Dar es Salaam, na akaniuliza sisi huku kwetu mtu kama huyo tunamfanya nini. Nikamwambia. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mpumbavu mimi. Alikuwa hajui.

Nilipanda juu ya kichuguu na shati langu la kijani nikatamka kwamba Maduhu ametengwa, yeye na mji wake, vijana wamesema. Bernadina akapaza sauti kutoka nyuma: "Umemuuliza nani?"

Nilijifanya sikusikia. Nikashuka, nikashika jembe, nikalima kwa nguvu kuliko wote.

Utaniuliza kwa nini walitii. Kwa sababu mdomo wa nsumba ntale haukuwahi kusema uongo pale kwetu. Kila mmoja alidhani mwenzake ameulizwa siku ambayo yeye hakuwepo. Na kila mmoja aliogopa kutengwa. Kwa hiyo kesho yake asubuhi Maduhu alipita njia ya kisimani akasema "mwangaluka" kama kawaida, na hakuna aliyemwitikia. Nilimwona akisimama kidogo, kisha akaendelea.

Sasa jambo lenyewe. Nyumbani kwake Maduhu alikuwa na watu wawili, mkewe Scolastika, aliyemwoa mwaka uliotangulia, na mama yake, Mayu Kabula. Mayu Kabula alikuwa akiugua tumbo tangu kiangazi. Lilikuwa limevimba, na kila mtu alijua hataiona pamba ya mwaka ule ikichumwa. Yeye mwenyewe alijua na hakuogopa. Alichokuwa akikiwaza ni kaburi. Tulipokuwa tukipita kumjulia hali, kabla ya mambo haya, alitutania akisema, "Mnichimbie refu, wanangu. Fisi wa huku hawana adabu." Tukamwambia tutachimba mpaka tufike kwenye maji. Mama huyu alininyonyesha mimi wiki mbili mama yangu alipougua. Nikikumbuka nilivyosimama juu ya kichuguu kile, hasira inanipanda mpaka leo.

Wiki ya tatu Maduhu alinijia malishoni. Aliyetengwa haruhusiwi kutusemesha, kwa hiyo alisimama mbali kidogo, akamshika pembe ng'ombe wangu mmoja, akaongea naye.

"Mwambie Jilala," akamwambia yule ng'ombe, "mama hali tena. Mwambie dume wangu nitamtoa. Sina mwingine, lakini nitamtoa. Mama asife kabla sijafunguliwa. Mimi peke yangu siwezi kumchimbia refu."

Kisha akampigapiga ng'ombe mgongoni akaenda. Ningeweza jioni ileile kuwaita vijana, tukachinja, tukala, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa katibu. Katibu hafanyi jambo bila mwenyekiti. Nikatuma neno mjini, na jibu likaja na dereva wa lori. Bartholomeo alisema ni vizuri sana, Jumamosi kuna mkutano wa vijana wa wilaya nzima, nimlete huyo ng'ombe, vijana watakula, na msamaha utatolewa rasmi.

Nilimswaga mimi mwenyewe, dume mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji. Alikuwa mpole, kila baada ya muda anasimama kuangalia nyuma. Tuliingia mjini jioni. Ofisini niliikuta ngoma yetu iko pembeni, imewekewa birika la chai juu.

Jumamosi wakachinja. Nami nikawaangalia vijana wa wilaya nzima wakila. Walikuwepo makarani, walikuwepo wenye maduka, alikuwepo mzee mmoja mwenye bakora aliyetambulishwa kuwa mshauri wa vijana. Wenye umri wangu niliwaona wawili, nao walikuwa wakiosha masufuria. Walikula vizuri, wakahutubia vizuri, wakapitisha azimio kwamba vijana wana njaa ya uhuru. Na mimi nikala. Nilipewa maini, kwa sababu nilikuwa mgeni wa heshima. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Bartholomeo akaniandikia barua, akaigonga muhuri. Ilisema Umoja wa Vijana umemsamehe ndugu Maduhu wa Mwashilala kuanzia tarehe ile. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikarudi nyumbani karibu ninakimbia, maana niliamini nimebeba dawa.

Vijana walikusanyika kiwanjani, wavulana na wasichana. Ukingoni kabisa alisimama Maduhu. Alikuwa ameoga, amejifunga shuka safi, amekuja kulishwa pande lake. Nikaisoma barua, nikawaonyesha muhuri. Wakatazama nyuma yangu, kama kuna kingine nilichokileta. Nikaisoma tena, safari hii polepole. Mmoja wao akauliza kama mimi ndiye niliyeficha nyama. Nikawaeleza kwamba nyama imeliwa mjini, kwenye mkutano mkubwa, na vijana wa wilaya, kwa niaba yetu sote.

"Basi na washibe kwa niaba yetu," Bernadina akasema. "Sisi hatujala."

Nikabishana. Nilitaja mkutano, nilitaja azimio, nilitaja hata Ghana. Nikiwa bado nasema waliondoka wawiliwawili, na kila aliyepita karibu na Maduhu alitazama chini. Hawakuwa wabaya. Walimwonea huruma, niliiona machoni mwao. Lakini dume lazima aliwe na vijana waliomtenga mtu, na wao hawakuwa wameonja hata mchuzi. Maduhu alikaa pale mpaka kiwanja kikawa kitupu isipokuwa mimi na yeye. Hakunitazama. Akageuka akaenda kwao na shuka lake safi, na zizini mwake sasa hakuna dume.

Sikulala vizuri. Alfajiri nikaanza safari ya mjini tena. Nilijiambia kwamba nikimweleza Bartholomeo ataelewa, kwani ni mtu msomi. Nilikuta amesafiri. Nikakaa kwenye benchi la ofisi siku mbili nzima, nikinyweshwa chai kutoka kwenye birika lililowekwa juu ya ngoma yetu. Siku ya tatu akaja. Nilimsimulia yote, juu ya Mayu Kabula, juu ya kaburi. Nilimwomba atupe ng'ombe mwingine badala ya yule, au basi anirudishie ngoma na cheo changu cha zamani nikayamalize mwenyewe. Alinisikiliza huku akichonga penseli.

"Vijana wamekwisha kula, Jilala," akasema. "Unataka wale mara ngapi?"

Kuhusu cheo, alifungua droo akanionyesha dole gumba langu. Akaniambia nsumba ntale hayupo tena Mwashilala, kuna tawi, na tawi linasema nini yeye ndiye anayejua. Hakuwa na hasira. Nadhani hata aliniona mtu mzuri mwenye mambo mengi ya kishenzi. Nililivua lile shati, nikaliweka juu ya ngoma karibu na birika, nikatoka. Mvua ilinikuta njiani kifua wazi, na nilistahili.

Nilifika asubuhi, siku ya tano tangu niondoke. Kwa Maduhu sikupita. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Baba yangu alikuwa amenipa dume wa kuanzia mahari, nami nikamtoa zizini nikampeleka kiwanjani, nikamchinja peke yangu, nikapiga debe kwa sababu ngoma sina. Watu walikuja mbio wakidhani kuna moto. Nikawaambia nyama hii hapa, kuleni, Maduhu afunguliwe.

Hakuna aliyeinama kuchukua. Wakanieleza, bila kunitukana, na afadhali wangenitukana. Ng'ombe huyo si wa Maduhu. Na mimi si nsumba ntale, nimekwisha kukitoa cheo chao kwa mtu wa mjini bila kuwauliza, kwa hiyo sina mdomo wa kumfungua mtu. Na mwenye mdomo ni nani? Wakatazamana. Hakuna. Tulikuwa tumemfungia mtu ndani na ufunguo tumeutia mfukoni mwa mtu anayekaa Shinyanga. Nilikaa chini penye damu ya dume wangu nikalia, mtu mzima, mbele ya wasichana.

Bernadina ndiye aliyetoka mbele.

"Mimi sikutia dole gumba popote," akasema. "Waliniambia niende kwa akina mama. Kwa hiyo cheo changu ninacho."

Wavulana wakanung'unika kwamba mkuu wa wasichana hafungui kesi ya mwanamume. Akawauliza kama wana mkuu mwingine wamtoe. Ndipo akafanya kile ambacho mimi sikukifanya. Alimfuata kila kijana pale aliposimama, akamtazama usoni, akamuuliza, wewe ulimtenga Maduhu? Wa kwanza akasema hakuulizwa. Wa pili akasema hakuulizwa, alidhani wenzake waliulizwa. Wa tatu vilevile. Alizunguka kiwanja kizima, watu arobaini, na hakupata hata mmoja. Akafika kwangu.

"Na wewe, ulimuuliza nani?"

Nikasema sikumuuliza mtu.

Akawaambia kwamba basi Maduhu hakutengwa na vijana hata siku moja. Ametengwa na mtu mmoja aliyevaa shati. Na ng'ombe huyu hapa ni faini ya huyo mtu, imetoka zizini kwake, iko sawasawa. Wakakubali. Moto ukawashwa, nyama ikachomwa, kila mmoja akala, na mimi nililishwa pande langu la mwisho na mkono wa Bernadina. Pande jingine zuri, la nundu, akaliweka kwenye ungo, akanipa nimpelekee Maduhu, ajue kwamba vijana hawakumtenga. Wavulana wakachukua majembe kwa furaha, wakisema tutamlimia shamba lake lote kabla jua halijatua, na Mayu Kabula atatusikia tukiimba.

Tulikwenda tukiimba kweli. Jua lilikuwa limeshapinda kidogo. Tulipokaribia ule mji, wa mbele wakaacha kuimba, halafu wa nyuma.

Maduhu alikuwa nyuma ya nyumba, anarudishia udongo. Scolastika alikuwa akiusomba kwa karai, amepakaa matope mpaka kwenye nywele. Mayu Kabula alikuwa amekata roho jana yake jioni, wakati mimi niko njiani na mvua yangu. Hatukusikia kilio kwa sababu hawakulia. Wangemlilia nani asikie? Maduhu alikuwa amechimba tangu usiku, peke yake, kwenye ardhi ile ya mbuga iliyoshika maji, inayonata kwenye jembe na kuporomoka. Ubavu wa shimo uliobaki wazi ulikuwa haufiki kiunoni.

Alisimama aliposikia kimya chetu. Alitutazama wote arobaini na majembe yetu, akautazama na ungo wa nyama mikononi mwangu. Mwezi mzima na zaidi nilikuwa sijaisikia sauti yake ikisema nami.

"Vijana wamekula?" akaniuliza.

"Wamekula," nikasema.

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akainama, akaendelea kurudishia udongo.

Niliutua ungo karibu na mlango. Bernadina alikwenda akalichukua lile karai mikononi mwa Scolastika, na Scolastika akaliachia. Kaburi halingechimbwa upya, mtu akishalazwa amelazwa. Kilichobaki kilikuwa mawe na miiba ya kulifunika fisi asifike. Tukatawanyika kwenye kilima kuyatafuta, na alasiri yote tulikuwa tukipanda na kushuka, watu arobaini, hakuna aliyeimba. Maduhu hakutuzuia, wala hakutukaribisha. Alikuwa akiyapokea mawe na kuyapanga mwenyewe, moja moja, na kila nilipomletea langu alilipokea kama la mwingine yeyote.

Pande la nyama lilikaa kwenye ungo pale mlangoni. Nilikuwa nikilitazama kila nikipita. Nilikuwa nimeambiwa tangu utoto kwamba mtu hajafunguliwa mpaka ale, nami nilisubiri ale.

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama, Scolastika aliuchukua ule ungo, akamwita mbwa wao, akammwagia. Maduhu aliona. Nikarudi kilimani kutafuta jiwe jingine.